Matone Manne kwa Siku: Tathmini ya Kipimo cha Homoni cha Tone la Damu Baada ya Miaka Saba ya Kukitumia Nyumbani

Tangu mwanangu alipotimiza miaka miwili, hospitali inayomhudumia hapa Uingereza imekuwa ikitutumia kwa posta, kila baada ya miezi mitatu au minne, bahasha yenye kadi ya karatasi nzito, visindano vichache vya plastiki vya kutobolea kidole, pamba na fomu ya kuandika saa. Kazi yetu ni kumtoboa kidole mara nne ndani ya siku moja, kudondosha damu kwenye duara zilizochapwa juu ya kadi, kuiacha ikauke, kisha kuirudisha maabara kwa posta hiyo hiyo. Huko maabara hukatwa kijiduara cha milimita tatu hivi kutoka katika kila doa, hulowekwa, na hupimwa homoni ambayo jina lake kamili ni 17-haidroksiprojesteroni, lakini wazazi, wauguzi na madaktari wote huiita 17-OHP. Mtoto sasa ana miaka tisa. Kwa kuwa wazazi wenzangu wanaozungumza Kiswahili, wa hapa na wa nyumbani, huniuliza mara kwa mara kama kipimo hiki kinaaminika au ni kumtesa mtoto bure, nimeona niandike maoni yangu kwa urefu. Mimi ni mama wa mgonjwa, si mtaalamu wa maabara. Kipimo ninakipendekeza, ila huduma inayokizunguka ina dosari ambazo mzazi anapaswa kuzijua kabla hajaanza kuamini namba zinazoletwa.

Ugonjwa wa mwanangu kwa Kiingereza huitwa congenital adrenal hyperplasia, kwa kifupi CAH, na mtu aliyewahi kulima mpunga wa kumwagilia atauelewa kwa urahisi. Tezi za adrenali, ambazo ni ndogo na hukaa juu ya figo, hutengeneza homoni kwa kupitisha malighafi moja hatua kwa hatua, kama maji yanayopita katika mfereji kutoka lango moja hadi jingine. Kwa mtoto wangu lango moja limeziba: kimeng'enya kiitwacho 21-haidroksilesi hakifanyi kazi, kwa sababu jeni yake, CYP21A2, ina kasoro aliyoirithi kwangu na kwa baba yake, ingawa sisi wenyewe hatuumwi. Shamba la chini ya lango hukauka, yaani mwili hukosa kortisoli, ambayo humwezesha mtu kustahimili homa, njaa na majeraha, na hukosa aldosteroni, ambayo huzuia chumvi isipotee kwenye mkojo. Juu ya lango maji hujaa, na maji hayo yaliyojaa ndiyo 17-OHP. Yakishafurika hujitafutia njia katika shamba la jirani, ambako hugeuka kuwa homoni za kiume zinazomkuza mtoto kabla ya wakati wake, na ambazo kwa mtoto wa kike huanza kubadili maumbile angali tumboni. Kwa hiyo anayetaka kujua lango limeziba kiasi gani, na kama dawa inasaidia, hupima maji ya juu ya lango. Hiyo ndiyo kazi ya kadi.

Ugonjwa wa aina hii humpata takriban mtoto mmoja kati ya 10,000 hadi 20,000, na wazazi wawili waliobeba jeni hiyo wana nafasi moja kati ya nne, katika kila mimba, ya kupata mtoto mgonjwa. Mtoto wa kike mara nyingi hutambuliwa siku ya kuzaliwa kwa sababu ya maumbile yake. Wa kiume huonekana mzima kabisa, huruhusiwa kwenda nyumbani, na kati ya wiki ya kwanza na ya tatu huanza kutapika.

Wetu alianza siku ya 11. Siku ya 13 tulimpeleka hospitali akiwa amelegea kama kitambaa, uzito wake ukiwa chini ya ule aliozaliwa nao, sodiamu ikiwa 116 na potasiamu ikiwa imevuka 8. Daktari kijana aliyekuwa zamu aliziangalia namba hizo mbili pamoja, moja imeshuka na nyingine imepanda, akaagiza dripu ya chumvi na sukari na sindano ya haidrokotisoni, yaani kortisoli ya dawa, kabla ya kusubiri majibu mengine yoyote. Mtoto alifumbua macho alfajiri.

Jambo ambalo sijalisahau ni hili. Siku ya tano mkunga alikuwa amekuja nyumbani, akamtoboa mtoto kisigino na kujaza duara nne za kadi inayofanana kabisa na hii ninayoitathmini. Damu hiyo ilifika maabara, ikapimwa magonjwa tisa yaliyokuwa yakipimwa wakati huo kwa kila mtoto mchanga hapa, sikoseli ikiwamo, na majibu yote yakawa mazuri. 17-OHP haikuwa miongoni mwa vipimo hivyo, na mpaka leo Uingereza haijaiingiza katika orodha yake. Tone lilikuwapo, likiwa mikononi mwa watu wenye ujuzi, siku nane kabla ya usiku ule.

Si kwamba kipimo hakijulikani. Karatasi ya kukaushia damu ya kisigino ilienea tangu miaka ya 1960, baada ya Robert Guthrie wa Buffalo, Marekani, kuitumia kutafuta kwa watoto wachanga ugonjwa wa PKU, ule wa kurithi ambao mwili hushindwa kuvunjavunja kijenzi kimoja cha protini. Mwaka 1977 Pang na wenzake walichapisha njia ya kupima 17-OHP kutoka katika doa hilo hilo, na miongoni mwa watu wa kwanza kupimwa kwa wingi walikuwa Wayupik wa Alaska, ambao ugonjwa huu huwapata kuliko karibu jamii nyingine yoyote. Uswidi inampima kila mtoto tangu 1986. Marekani, majimbo yote hupima. Wanaopinga wana hoja nzito, na haki ni kuitaja: mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au mwenye uzito mdogo, au aliyetobolewa ndani ya saa 24 za kwanza, huwa na 17-OHP ya juu bila kuwa na ugonjwa, na kwa hiyo wazazi wengi hupigiwa simu ya kutisha kwa kila mtoto mmoja anayepatikana kweli. Siku hizi maabara nyingi hupunguza tatizo hilo kwa kulinganisha namba na uzito au umri wa mimba, na kwa kulipima upya doa lenye shaka kwa mashine sahihi zaidi. Mimi ningeipokea simu ya uongo mara kumi kuliko kumwona mtoto wangu vile, lakini nakiri kwamba huko ni kusema kwa uchungu wa mzazi mmoja.

Nirudi kwenye huduma yenyewe. Siku ya kadi huanza kabla ya kidonge cha kwanza. Mtoto hutia mkono katika bakuli la maji ya vuguvugu kwa dakika kadhaa, akaukausha vizuri, nami humtoboa kidole cha kati au cha pete, upande wa ncha na si katikati yake, kwa sababu upande hauumi sana na una damu ya kutosha. Tone la kwanza hufutwa kwa pamba. La pili huachwa likue mpaka lining'inie lenyewe, kisha huguswa kidogo tu kwenye duara na karatasi hulifyonza. Kidole hakikamuliwi, kwani kukikamua huichanganya damu na majimaji ya nyama. Kisha kadi hugeuzwa: upande wa nyuma ukiwa umeiva wekundu sawasawa na wa mbele, doa limekubali. Ukiwa na madoadoa, duara hilo limeharibika, na kosa kubwa ambalo mimi nimelifanya na wazazi wengi hulifanya ni kuongeza tone juu ya tone ili kuliokoa. Damu ya tabaka mbili huonyesha namba kubwa kuliko ukweli. Ni afadhali kuhamia duara jingine.

Kukausha kuna adabu yake. Kadi hulazwa ili duara zisiguse kitu, nasi huilaza juu ya kingo za mabakuli mawili, kwa saa tatu hadi nne, mbali na jua na mbali na kipasha joto cha ukutani. Mwaka wa kwanza, nikiwa na haraka ya kuiwahi posta ya saa kumi na moja jioni, niliikausha kwa mashine ya nywele. Maabara waliikataa, na walikuwa na haki. Walituambia pia tunawe mikono kabla ya kutoboa kama tumetoka kusaga vidonge, kwa sababu unga wa haidrokotisoni uliobaki kwenye ngozi unaweza kuingia katika doa na kuonekana kama kortisoli, pale wanapopima homoni hizo mbili katika kadi moja.

Hata hivyo sehemu ngumu kuliko zote katika kadi hii ni saa. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Tanga kututembelea, nami nikiwa zamu ya usiku kazini, yeye ndiye aliyesimamia tone la asubuhi, akiwa makini kuliko hata mimi. Baada ya wiki mbili daktari alinipigia simu akiwa na wasiwasi: 17-OHP ilikuwa 61 saa sita na dakika arobaini mchana, saa kadhaa baada ya kidonge, na alifikiria kuongeza dozi ya asubuhi. Nina desturi ya kuipiga picha kila kadi kabla ya kuifunga. Nilipoitazama picha niliona imeandikwa, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu mstaafu, 12:40.

"Mama, hapa uliandika saa ya Kiswahili," nilimwambia.

"Sasa mwanangu, saa kumi na mbili na dakika arobaini ningeiandikaje?"

Hakukuwa na kosa katika damu, wala katika mashine, wala katika hesabu ya Mama. Lakini kosa hilo dogo lingemwongezea mtoto dawa ambayo hakuihitaji, na haidrokotisoni ikizidi humfupisha mtoto na kumnenepesha. Ninaisimulia habari hii kwa sababu hakuna mwongozo uliowahi kuitaja, na familia za Waswahili zitakazotumia kadi hizi Ulaya zitaipata kama tulivyoipata sisi. Tangu siku hiyo tunaandika kwa mtindo wa saa 24, na kando yake neno "kabla" au "baada" ya kidonge.

Faida kubwa ya kadi hii ni kwamba inaionyesha siku nzima, jambo ambalo damu ya mshipa inayochukuliwa kliniki haiwezi. Kabla hatujaanza kuitumia, mtoto alikuwa akipimwa kliniki saa nne asubuhi, saa tatu baada ya kidonge, na namba zake zilikuwa nzuri za kupigiwa makofi. Hata hivyo alikuwa akirefuka upesi mno, na picha ya eksirei ya mkono ilionyesha kwamba mifupa yake, akiwa na miaka miwili, ilikuwa ya mtoto wa mitatu. Kadi ya kwanza ilitoa 74 alfajiri, 9 mchana, 5 jioni na 6 wakati wa kulala. Ile 9 na ile 5 ndizo tulizokuwa tukionyeshwa siku zote. Ile 74 ilikuwa ikijificha usiku, kwa maana haidrokotisoni huisha mwilini upesi, nusu yake ikiondoka ndani ya saa moja na nusu hivi, ilhali ubongo huanza kuzisukuma tezi zifanye kazi karibu na alfajiri, wakati ambapo kidonge cha saa mbili usiku kimekwisha zamani. Daktari hakuongeza hata miligramu moja. Alisogeza dozi ya mwisho mbele hadi saa nne usiku na ya kwanza nyuma hadi saa kumi na moja na nusu alfajiri, na kadi iliyofuata ilisoma 28 mahali pa 74. Usingizi wetu ndio uliolipa gharama hiyo, na bado unalipa.

Nilipomuuliza mbona hatuishushi zaidi mpaka iwe kama ya mtoto asiye na ugonjwa, alinieleza jambo ambalo ningependa kila mzazi aelezwe siku ya kwanza: 17-OHP iliyoshuka hadi kiwango cha kawaida kabisa kwa mtoto huyu ni dalili kwamba anapewa dawa kupita kiasi. Namba hii hulengwa iwe juu kidogo. Na juu ya namba zote kuna urefu, uzito na mifupa ya mtoto mwenyewe, ambayo ndiyo inayosema kama dawa inamfaa.

Kadi ilitufichulia jambo jingine ambalo hatukulitafuta. Wakati huo tulikuwa tukikata kidonge cha miligramu 10 vipande vinne kwa kisu cha jikoni ili tupate miligramu mbili na nusu, na namba za mchana zilikuwa zikipanda na kushuka bila sababu kutoka kadi moja hadi nyingine. Mfamasia alituomba tumletee vipande vya kidonge kimoja, akaviweka kwenye mizani yake kimoja kimoja, na hakuna viwili vilivyolingana. Kimoja kilikuwa nusu ya mwenzake. Baadaye tulihamishiwa Alkindi, yaani chembechembe za haidrokotisoni, zilizoidhinishwa Ulaya mwaka 2018 kwa ajili ya watoto, ambazo huja katika kapsuli za nusu miligramu, moja, mbili na tano. Namba za mchana zikatulia. Ni dawa ya bei kubwa sana, na hapa Uingereza dawa ya mtoto hutolewa bure, kwa hiyo sisemi kwamba kila mtu ataipata. Nasema tu kwamba bila madoa manne kwa siku tungeendelea kumlaumu mtoto kwamba anatema dawa.

Sasa dosari. Ya kwanza ni posta na muda. Majibu yetu yamewahi kurudi kwa siku kumi na yamewahi kuchukua zaidi ya wiki tatu. Bahasha moja ilipotea wakati wa Krismasi, na nyingine ilirudi na maneno mawili tu, "damu haitoshi", bila kueleza ni duara lipi kati ya manne, hata tukalazimika kurudia siku nzima. Mtoto anayekua hubadilika ndani ya wiki tatu, na namba ya zamani inapofika mezani kwa daktari huwa inamweleza mtoto aliyekuwa, si huyu aliyeketi mbele yake. Kwa sababu hiyo hiyo kipimo hiki hakina nafasi yoyote katika dharura. Mtoto anayetapika na kulegea huchomwa sindano ya haidrokotisoni nyumbani na kukimbizwa hospitali. Hakuna kadi ya kujazwa hapo.

Ya pili imeniudhi zaidi. Mwaka mmoja barua ilileta namba zote zikiwa karibu nusu ya zile za miezi minne iliyotangulia, ingawa hatukubadili chochote. Nilijua tunamzidishia dawa, na nikalala nikihesabu dozi. Nilipopiga simu, baada ya kuhamishwa kutoka meza moja hadi nyingine kwa siku mbili, nikaambiwa kwa utulivu kabisa kwamba maabara ilikuwa imebadili mashine. Kipimo cha zamani kilitumia kingamwili, ambazo huikamata 17-OHP pamoja na homoni nyingine zinazofanana nayo na kuzihesabu zote kuwa moja, hitilafu ile ile inayowasumbua watoto wachanga waliozaliwa kabla ya wakati. Mashine mpya, spektrometa ya masi, hutenganisha kila molekuli kwa uzito wake, kwa hiyo namba zake huwa ndogo na za kweli zaidi. Ni maendeleo, nami nayapokea. Lakini sentensi moja ya kutuarifu kwamba namba za zamani na mpya hazilinganishwi ingetosha katika barua ile, na sentensi hiyo haikuwamo. Mzazi anayehama mji au nchi akumbuke kuuliza maabara mpya inatumia njia gani kabla ya kulinganisha kadi zake.

Ya tatu si kosa la mtu, bali ni mpaka wa kipimo chenyewe. Kadi haisemi lolote kuhusu chumvi. Dozi ya fludrokotisoni, ambayo hushika nafasi ya aldosteroni, hupangwa kwa shinikizo la damu, sodiamu, potasiamu na renini, ambayo figo huitoa mwili ukipungukiwa chumvi, na kwa hilo bado tunakwenda kutolewa damu ya mshipa mara moja au mbili kwa mwaka. Pia doa la damu huathiriwa na wingi wa chembe nyekundu, kwa kuwa damu nzito na damu nyepesi hazisambai sawasawa kwenye karatasi, hivyo mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu anapaswa kutajwa hivyo kwenye fomu.

Mwaka juzi tulikwenda Tanga kwa wiki sita, na kwa kuwa tarehe ya kadi iliangukia huko, tulikwenda nayo. Tulitobolea nyumbani, na joto la pwani lilifanya damu itoke bila hata maji ya vuguvugu. Unyevu ulikuwa na habari nyingine, kwani doa ambalo hapa hukauka kwa saa tatu lilihitaji mchana kutwa, na tulilifunga katika mfuko pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu. Mtoto alipopata homa ya kawaida tulimpeleka zahanati ya jirani tukiwa na bahasha ile mkononi, na muuguzi alipoiona kadi akaitambua papo hapo. Alisema yeye mwenyewe hujaza kadi kama hizo kila wiki, kwa watoto wa wiki sita waliozaliwa na akina mama wenye VVU. Alizishika kingo zake bila kugusa duara, akazigeuza kutazama nyuma, akasema, "Umejaza vizuri, mama." Sifa hiyo sijawahi kuipata hapa. Lakini shangazi mmoja wa mume wangu, aliyekuwa ameketi nasi kwenye benchi, naye aliitambua kadi, na jioni ile nilivutwa pembeni na kuulizwa kwa sauti ya chini swali ambalo msomaji wa nyumbani ameshalikisia. Ilinibidi nieleze habari ya mfereji na lango tangu mwanzo, mara tatu, kwa watu tofauti.

Tukio lile lilinifanya nione ni umbali mdogo kiasi gani uliobaki. Karatasi ipo hadi zahanati, wauguzi wanaijua kazi, na njia ya kuzifikisha kadi maabara imekwisha kutengenezwa kwa ajili ya VVU. Madaktari bingwa wa homoni za watoto wamekuwa wakifundishwa Nairobi tangu 2008 na kurudi katika nchi zao, Tanzania ikiwamo. Haidrokotisoni na fludrokotisoni zimo katika orodha ya dawa muhimu za watoto ya Shirika la Afya Duniani. Kinachokosekana ni kuipima homoni hii katika doa lililokwisha kukusanywa, na vidonge kuwapo kwenye rafu ya duka la dawa mwezi baada ya mwezi. Kati ya hayo mawili, vidonge ndivyo vitangulie, kwa sababu kumwambia mzazi ugonjwa wa mtoto wake na kumwacha aagize dawa kwa ndugu aliye ng'ambo si huduma. Na hata kwa mtoto wa wiki sita kadi ile ingekuwa imechelewa kwa ugonjwa huu, kwa maana hatari yake huja kabla ya wiki ya tatu. Damu ingepaswa kuchukuliwa siku ya pili au ya tatu, kabla mama hajasahau njia ya wodi ya wazazi.

Kwa upande wa gharama, hapa NHS, yaani huduma ya afya ya umma, hulipia kadi, vifaa na upimaji, na sisi hatulipi chochote. Zipo pia kampuni zinazouza mtandaoni vipimo vya homoni kwa tone la damu kwa mtu yeyote mwenye kadi ya benki. Sijazitumia na singezitumia kwa mtoto huyu, kwa sababu zinaleta namba bila kuleta mtu wa kuisoma. Ile 74 ingenifanya niongeze dawa, na dawa haikuwa imepungua.

Nikitakiwa kutoa nyota, kipimo chenyewe nakipa tano na huduma inayokizunguka naipa tatu. Mzazi anayeanza aombe avikwe ujuzi na muuguzi wa kliniki kwa kutoboa mbele yake angalau mara mbili, apige picha kila kadi, aandike saa na dozi kabla ya kumtoboa mtoto na si baada, na asikubali kusomewa namba moja bila kuambiwa ilichukuliwa saa ngapi. Aombe pia kadi ya akiba. Tuliomba mwaka wa tatu, na tulipewa bila ubishi. Ilikuwa ni kuuliza tu.

Tangu Januari mwanangu anajitoboa mwenyewe. Hukaa mezani na kisindano chake, anahesabu hadi tatu, anafumba jicho moja, kisha ananipa kadi niikague upande wa nyuma. Mwezi uliopita aliandika 05:30, akafikiri kidogo, halafu pembeni, kwa ajili ya bibi yake, akaongeza: saa kumi na moja na nusu.